Bado Iko?

Saa tano asubuhi, Jumamosi, Kisenyi, Kampala. Mama wa vitenge ana simu mbili: moja ameibana kati ya bega na sikio, nyingine iko kiganjani. Kwenye ile ya kiganjani mteja wa Mbarara ametuma picha ya kitenge cha bluu chenye ndege wa manjano, na chini yake maneno mawili: "Bado iko?"

Nilikuwa nimekaa juu ya robota nikisubiri afungue programu yangu. Hakuifungua. Aligeuza shingo akatazama rafu, akahesabu kwa midomo, akamuuliza binti anayemsaidia, "Ile ya ndege si ulimuwekea wa Hoima?" Binti akasema ndiyo, ila wa Hoima hajatuma pesa tangu Alhamisi. Mama akafikiri kidogo, akaandika, "Iko, tuma pesa." Kisha akachomoa penseli kwenye kilemba, akafungua kaunta buku lililochakaa pembe, akafuta nukta moja na kuweka nyingine mahali pengine.

Yote hayo hayakumaliza hata nusu dakika. Kwenye programu yangu kazi hiyohiyo ilikuwa na skrini nne.

Kazi yangu ni kuchora skrini za simu. Nimezaliwa Busia, upande wa Uganda, ambako mtoto hujua Kiswahili kabla hajaambiwa kuwa ni somo, na shilingi ya Kenya na ya Uganda hulala mfuko mmoja. Kampuni niliyofanyia kazi Kampala ilikuwa na programu ndogo ya kumpa mfanyabiashara ukurasa wake: anapiga picha ya mali, anaweka bei, anapata kiungo cha kubandika WhatsApp, TikTok au Instagram. Facebook hatukuihangaikia. Tangu ilipofungwa nchini Januari 2021, anayeuza huko anamuuzia mwenye VPN, ile programu ya kukwepa kizuizi.

Mwaka 2023 malalamiko yakawa ya aina moja. Mteja analipia kitu ambacho kimeshauzwa. Pesa ya simu, MoMo, imeingia, mzigo hakuna, kuirudisha pesa kuna makato, na kabla hujamaliza kuomba radhi jamaa ameshaandika "wezi hawa" chini ya video yako. Bosi akaniita: tuongeze sehemu ya stoki.

Nilifanya kama ambavyo wengi wetu hufanya. Nikatazama mifumo ya maduka makubwa, ya Ulaya na Marekani, nikachota humo. Kila bidhaa na namba yake ya utambulisho, jina la msambazaji, bei ya kununulia, kiwango cha chini ambacho stoki ikikifikia mwenye duka anapata arifa. Miezi mitatu. Skrini zilipendeza kweli, hata leo nikizitazama naona zilipendeza.

Wa kwanza kuzijaribu alikuwa dada anayeuza viatu vya kike, kibanda chake kiko ghorofa ya pili katika jengo moja karibu na Old Taxi Park. Kiatu kimoja, rangi 4, namba kuanzia 36 hadi 42. Programu ikamfungulia visanduku 28 vya kujaza, kila kimoja na idadi yake. Akajaza mstari wa kwanza. Simu ikaita, akapokea, akapatana bei na mteja wa Kira, akarudi. Visanduku vyote vitupu. Hakukasirika, na hilo ndilo lililoniuma. Alinirudishia simu kwa mikono miwili kama mgeni anayerudisha sahani ya chakula ambacho hakikumpendeza, akasema, "Kaka, iko nzuri. Nitaijaribu siku nikipata nafasi."

Wa pili alikuwa kijana wa majaketi ya mitumba, anachagua Owino alfajiri kabla marobota hayajachokonolewa na wengine. Huyu alikuwa na bidii, Jumapili usiku aliingiza mzigo wake wote, jaketi moja moja. Sasa, mitumba haina pacha. Kila jaketi lilikuwa moja, na mimi nilikuwa nimeweka kiwango cha chini kuwa 5 bila kumuuliza mtu. Saa kumi na mbili asubuhi simu yake ikaanza: stoki inakaribia kwisha, stoki inakaribia kwisha, stoki inakaribia kwisha. Alinipigia nikiwa bado kitandani. "Kaka, simu yangu inalia kama kuna msiba." Nilipofika ofisini alikuwa ameshaifuta.

Hapo ndipo nilipoomba wiki mbili za kutochora chochote. Nikapewa moja.

Niliianza kwa Mama wa vitenge kwa sababu Kiswahili chake cha Bukavu kilinifurahisha, na kwa sababu dukani kwake kuna pa kukaa. Katika wiki nzima, kwake na kwa wengine watano niliowatembelea, sikusikia mteja hata mmoja akiuliza zimebaki ngapi. Wanauliza bado iko. Shuleni wangekusahihisha, useme ipo, lakini hapa Kampala, kwa Mkongo, kwa Mkenya, kwa Mnubi wa Bombo, kwa mtu wa Arua, ni iko. Nami nilikuwa nimejenga kitu kizima cha kujibu swali la ngapi.

Iko ni jambo gumu kuliko ngapi. Siku ya tatu Mama aliniruhusu kupiga picha ukurasa mmoja wa kaunta buku lake, akanifafanulia alama. Nukta ya penseli: nimemuwekea mtu. Mstari mmoja wa mshazari: umetoka, uko na boda au uko kwenye basi. Mistari miwili iliyokatana, kwa kalamu ya wino: pesa imeingia. Na kiduara? Akacheka. Kiduara ni mali ya jirani. Mteja akitaka rangi ambayo yeye hana, binti anakimbia duka la tatu kutoka hapo, anaikopa, inauzwa, jioni wanahesabiana.

Penseli kwa mambo yanayoweza kurudi nyuma, wino kwa yale yaliyokwisha. Mtu aliyesomea kazi yangu chuo kikuu asingeweza kulipanga vizuri zaidi, na mimi nimeisomea.

Katika mifumo niliyoiiga nilichota nyakati mbili tu za mali: imeingia na imeuzwa. Huko ilikotengenezwa hizo mbili zinakaribiana, mtu analipa kwa kadi ndipo mzigo unafungwa. Kampala katikati yake kuna safari ndefu. Mteja wa Entebbe anataka kukishika kwanza. Boda anaenda nacho, mteja anakifungua mlangoni, anasema rangi si ile ya pichani, boda anarudi nacho, pengine leo, pengine kesho maana njiani amepata abiria. Wa Gulu au Arua anatumiwa kwa basi: mzigo unakabidhiwa kondakta, binti anapiga picha namba ya gari na kumtumia mteja pamoja na simu ya dereva. Saa zote hizo kitenge hakijauzwa, na dukani hakipo. Ukiandika kimeuzwa, hesabu ya jioni inakudanganya. Usipoandika, unamuahidi mtu mwingine.

Basi nikachukua alama za Mama nikazigeuza vitufe. Picha ya mali juu, chini vitufe vitatu vikubwa: Nimewekea. Imetoka. Imelipwa. Kitu kikiwa kimetoka, panatokea Imerudi badala ya Nimewekea, kwa sababu huwezi kumuwekea mtu kitu kilichoko kwenye pikipiki Namugongo. Vitufe vyote vikakaa sehemu ya chini ya skrini, pale kidole gumba kinapofika bila kubadilisha mkono. Google hushauri kitufe cha kugusa kisipungue milimita 9 hivi kwa upana. Nikafanya vikubwa kuliko hapo, nikamwomba Mama avibonyeze huku mkono wa pili umeshika mkasi. Asipoweza na mkasi mkononi, skrini hiyo nilirudi nayo nyumbani.

Kile kitufe cha kuhifadhi nilikiondoa kabisa. Kilikuwa kimeandikwa Hifadhi, na Mama aliponiuliza kama hiyo ni ile ya wanyama nilidhani ananitania. Hakuwa anatania. Baadaye mmoja wa jirani zake, mkimbizi kutoka Goma, akaniambia kwamba kwake yeye neno hilo ni mambo ya makaratasi ya ofisi za wakimbizi, likimtokea kwenye simu linamshtua. Tukafanya hivi: ukigusa, imeandikwa. Ukikosea, kwa sekunde kadhaa kuna Rudisha pale chini. Ile hofu ya "nikibonyeza itaharibika" ikapungua sana, na ile ajali ya visanduku 28 ikafa palepale. Viatu navyo vikapata gridi ya namba ndogo za kugusa: unagusa 38, inawaka, maana yake namba 38 iko. Anayetaka kuandika kwamba ziko mbili anaigusa tena. Dada wa viatu mara nyingi hakuitaka hiyo mara ya pili.

Kuna jambo moja nililopigana na Mama hadi nikashindwa. Niliona kuwekeana ndiko kunakoleta vurugu, kwa hiyo nikaweka kwamba baada ya saa 24 nukta inafutika yenyewe na kitu kinarudi sokoni. Kwangu ilikuwa busara. Mama akaitazama, akasema:

"Mwanangu, huyu wa Arua ananunua kwangu tangu nilipofika hii inchi. Mwezi ule mtoto wake alikuwa mgonjwa nilimuwekea wiki mbili. Sasa simu yako ndiyo itamfukuza?"

Nikamkumbusha yule wa Hoima, ambaye yeye mwenyewe alimnyang'anya ndege wa manjano mbele ya macho yangu.

"Wa Hoima ni muongo. Wewe unamjua wa Hoima?"

Simjui. Programu pia haimjui. Kwa hiyo hakuna kufuta. Nukta ikifika siku ya pili inabadilika rangi na simu inauliza mara moja tu: bado unamuwekea? Dada wa viatu kinyume chake alitaka nukta ikae muda wa saa sita tu kisha ifutike, bila kuuliza, kwa kuwa wateja wake ni watu wa TikTok asiowahi kuwaona na asiotarajia kuwaona. Akapata saa sita zake. Kila duka likachagua.

Sasa nije kwenye hasi, ambayo tuligombana nayo ofisini karibu mwezi mzima.

Toleo la kwanza halikukubali mali ishuke chini ya sifuri. Inaonekana sawa, huwezi kuwa na vitenge pungufu ya hakuna. Lakini jioni moja binti alikuwa na mteja mbele yake, pesa mezani, kitenge kimeshakunjwa kwenye mfuko, na simu inamwandikia: stoki haitoshi. Robota lilikuwa limefika usiku uliotangulia kutoka mpakani, limefunguliwa, na hakuna aliyeandika. Mali ilikuwapo. Kilichokosekana ni habari yake. Na programu badala ya kumsikiliza mtu aliyekishika kitenge mkononi, ilimwambia muongo. Akauza, hakuandika, na kuanzia hapo mambo yote mawili yakawa hayajaandikwa.

Tukaruhusu hasi. Ukiuza kisichoandikwa, mauzo yanapokelewa bila kelele, na jioni pale kwenye mali hiyo panaonekana: umeuza 2 zaidi ya ulizoandika, kuna mzigo ulioingia? Unajibu ndiyo, unataja idadi, yameisha. Bosi aliona ni aibu kumwonyesha mteja namba yenye alama ya kutoa. Sikubaliani naye hata leo.

Mwenzangu anayeandika programu, mtu wa Masaka, mkimya, ndiye aliyeniokoa hapa. Yeye tangu mwanzo alikataa kabisa kuhifadhi idadi. Alikuwa na kidonda cha Januari 2021: mkesha wa uchaguzi wa tarehe 14 intaneti ilizimwa nchi nzima, ikakaa siku kadhaa, na kitu alichokuwa amekijenga wakati ule kiligeuka jiwe mkononi mwa waliokuwa wakikitumia. Alinichorea kwenye karatasi. Duka lina vitenge 5 na simu mbili, ya Mama na ya binti, zote hazina mtandao. Mama anauza kimoja, simu yake inaandika 4. Binti anauza kimoja, yake inaandika 4. Mtandao ukirudi, zote mbili zinaiambia seva: ziko 4. Seva inaamini ya mwisho. Rafuni viko 3.

Alichofanya yeye ni kuhifadhi matukio. Kimeingia kimoja, kimetoka kimoja, kila tukio na namba yake isiyofanana na nyingine yoyote, likisubiri ndani ya simu hata siku tatu. Simu zikipata mtandao zinapelekeana matukio, na idadi inapatikana kwa kujumlisha. Tukio likifika mara mbili kwa sababu mtandao ulikatika njiani, namba yake inalisuta na linatupwa. Yaani kaunta buku, tena. Mama naye haandiki idadi popote, anaweka alama na kuzihesabu akitaka.

(Saa za simu ni balaa nyingine. Betri ikifa kabisa, simu za bei nafuu nyingine zinaamka zikidhani ni miaka mingi iliyopita. Tuliacha kuziamini tarehe za simu pekee baada ya kuona mauzo ya kitenge yaliyofanyika kabla ya duka kufunguliwa.)

Vitenge vilinifunza tena kitu ambacho viatu visingenifunza. Pisi moja ni yadi 6. Wapo wanaotaka nusu. Nikaweka desimali, nikaona nimemaliza. Mama akakata pisi mbili tofauti, akauza nusu ya kila moja, na programu ikamwambia kwamba zimebaki 2. Hesabu ilikuwa sahihi: pisi 3, toa nusu, toa nusu. Ila rafuni kulikuwa na pisi moja nzima na vipande viwili vya yadi 3, na hakuna anayeshona gauni la kwaya kwa vipande viwili ambavyo maua yake hayaonani. Mteja aliyetaka pisi 2 alikuwa ameshalipa. Siku hizi mkasi ukipita, pisi inageuka mali mbili, vipande, kila kimoja na bei yake. Desimali tumezifuta kabisa.

Mambo madogo yalikuwa mengi, nitataja mawili tu. Bei zetu zilionekana 50,000.00 kwa kuwa mfumo tulioununua ulidhani kila fedha ina senti, na kwenye skrini nyembamba zile sifuri mbili za mwisho zilisukuma bei nje. Halafu picha: simu inapiga picha ya megabaiti tatu au nne, na mtu ananunua bando la siku. Tukazipunguza ndani ya simu kabla ya kuzituma. Ndiyo kazi iliyosifiwa kuliko zote, na ilichukua alasiri moja.

Lililokuwa kubwa ni woga. Aprili 2024 wafanyabiashara wa katikati ya Kampala walifunga maduka kwa ajili ya EFRIS, mfumo wa risiti za kielektroniki wa URA, mamlaka ya mapato ya Uganda, ambao kwa waliosajiliwa kwenye VAT unataka hadi stoki iingizwe. Baada ya hapo kila mlango niliobisha niliulizwa kwanza: hii inaenda URA? Nilijibu ukweli, kwamba haijaunganishwa nako, na kwamba mambo ya kodi ni kati yako na wao. Wengine walitikisa kichwa tu. Nilijifunza kutouliza kamwe "una mali kiasi gani" siku ya kwanza. Unaanza na kitu kimoja, kile kinachoulizwa sana leo. Kesho cha pili. Mwenye duka anaweza kukaa mwezi mzima akiwa ameandika mali kumi tu kati ya mia mbili, na programu isimsumbue kwa zile mia na tisini.

Tena woga wenyewe si wa URA peke yake. Skrini ya kwanza nilikuwa nimeweka namba kubwa, mauzo ya leo, kwa rangi ya kijani. Wabunifu tunaipenda namba ile. Dada wa viatu akaniomba niiondoe.

"Shemeji yangu anashinda hapa kibandani," alisema, sauti chini. "Akiona milioni mbili hapo juu, jioni hiyohiyo ana mgonjwa hospitali."

Milioni mbili ile karibu yote ilikuwa ya muuzaji wa jumla aliyemkopesha mzigo. Shemeji asingejua hilo. Namba ikaenda ndani, nyuma ya namba ya siri, na wasaidizi wakapata mlango wao unaoonyesha mali bila bei ya kununulia. Wanawake watatu waliniambia baadaye kwamba hiyo ndiyo sababu waliiacha programu kwenye simu.

Kuhusu lugha nilikuwa na hasira zangu. Ofisini tulizungumza Kiingereza na Kiganda, na Kiswahili kiliachwa hadi mwisho. Wapo waliosema wazi kwamba ni lugha ya kambi ya jeshi, nani atanunua nayo vitu. Hii ni baada ya baraza la mawaziri kukubali mwaka 2022 kifundishwe kwa lazima shuleni. Sikubishana, niliwapeleka Kisenyi. Tafsiri ya kwanza ilikuwa imefanywa na mtu mwenye kamusi, na juu ya skrini iliandikwa Orodha ya Bidhaa Zilizosalia Ghalani. Mama aliisoma kwa sauti, polepole, akaniuliza ghala iko wapi. Yeye ana rafu, ana robota, na kilichozidi kiko chini ya kitanda nyumbani. Neno walilolitumia wote, kutoka Bukavu hadi Bombo, lilikuwa mzigo. Mzigo umeingia, mzigo umetoka, mzigo umerudi. Ndilo lililobaki.

Sijafanikiwa kwenye kiduara. Mali ya jirani. Wapo wauzaji mtandaoni wasio na mzigo wowote wa kwao: wanapiga picha kwenye maduka ya watu, wanaweka faida yao juu, mteja akilipa ndipo wanakimbilia kununua. Kwao bado iko maana yake ni kumpigia simu mtu mwingine. Nilichora njia ya duka moja kuona mali ya jingine, na kila mwenye duka niliyemwonyesha aliipenda mpaka alipoelewa kwamba jirani naye ataiona ya kwake. Michoro iko kwenye droo.

Mara ya mwisho nilipomtembelea Mama alikuwa akitumia vyote viwili, simu na kaunta buku. Simulaumu. Jioni tulihesabu pamoja kile cha ndege wa manjano, ambacho kilikuwa kimeagizwa tena. Simu ilisema 5. Kitabu kilisema 5. Rafuni vilikuwa 4. Binti akaapa hajakigusa. Tukatafuta chini ya meza, tukafungua hadi mfuko wa vipande. Mama akasimama katikati ya duka, mkono kiunoni, halafu akajipiga paji la uso.

"Ah! Nilipeleka matanga. Kwa mama wa chini pale, alifiwa na mume."

Akashika simu, akatafuta kitufe. Nimewekea, hapana. Imetoka, hapana, haitarudi. Akabonyeza Imelipwa, na pale palipoandikwa bei akaweka 0. Simu ikatikisika na kuandika kwa rangi nyekundu: bei si sahihi.

Akanitazama bila kusema kitu. Nikatoa kalamu, nikaandika mkononi maana karatasi nilikuwa nimeiacha ofisini.

"Tuite Nimetoa?" nilimuuliza.

"Nimepeana," alisema, akarudi kwenye kitabu, akachora alama ambayo sikuwa nimeiona bado.